Re: Laptop inaleta skrini ya bluu kila nikiwasha

Mkuu, hayo maandishi INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE kwenye skrini yako ya bluu maana yake Windows haiioni diski, na kwa vile umesema imeanza baada ya fundi kubadilisha betri ya BIOS (programu ndogo inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows), usikubali kabisa kupigiwa Windows upya, mafaili yako yataenda bure. Zima, washa huku unagonga F2 (HP ni F10) uingie BIOS, tafuta palipoandikwa SATA (setingi za muunganiko wa diski), maana betri ikitolewa setingi zinarudi za kiwandani na mara nyingi hapo panahama toka AHCI kwenda RAID (namna mbili za kompyuta kuwasiliana na diski) au kinyume chake, we geuza, sevu, iwashe. Ikigoma rudia kuizima kwa batani ya pawa nembo ya Windows ikitokea, baada ya mara mbili tatu inaleta yenyewe menyu ya marekebisho, ingia Safe Mode (Windows inawaka na vitu vya lazima tu). Ila diski ikiwa inagonga tik tik, acha kuiwasha, okoa data kwanza.