Poda au kureti? Niliyojifunza kwenye kusafisha mizizi, kwa nyie mnaoanza

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi ya kinywa na meno, kuna swali moja kila kundi jipya la wanafunzi linakuja nalo: kama mashine ya kupuliza poda ipo, ya nini tena kukaa saa nzima unakwangua mizizi kwa kureti, kile kifaa cha mkono chenye makali yaliyopinda, mpaka mkono unakufa ganzi? Ni swali zuri na mi pia nilikuwa nalo, shida ni kwamba nilijijibu mwenyewe kwenye mdomo wa mgonjwa kabla sijajua jibu, na hilo mpaka leo linaniuma.

Alikuwa mama wa makamo, fizi zimevimba, ukizigusa tu damu, na meno ya nyuma chini yana mifuko, yaani nafasi kati ya fizi na jino, ya milimita 5 na 6. Nikampulizia poda jino kwa jino, juu ya fizi na chini ya fizi, dakika ishirini nimemaliza, meno yanang'aa, mama kafurahi maana hakusikia maumivu yoyote, nami nikaandika kwenye faili kwamba mizizi imesafishwa. Baada ya miezi mitatu karudi, mifuko ileile, damu ileile. Dada mkuu wetu wa kitengo hakunigombeza, alichukua probu, kile kifimbo chembamba cha kupimia mfuko, akaizamisha pembeni mwa gego upande wa ulimi akanikabidhi, akasema "vuta taratibu kuja juu, usiongee, sikiliza kidole." Nikavuta. Ncha ikakwama, ikaruka, ikakwama tena, kama unapitisha ukucha juu ya chumvi ya mawe. Ukoga mgumu ulikuwa umejaa kwenye mzizi, nimeupulizia poda nimeusugua vizuri ukabaki palepale, msafi kabisa.

Kwa hiyo lishikeni hili kabla ya mengine yote: poda inaondoa kilicho laini, jiwe, yaani huo ukoga mgumu, hailitoi. Ukilielewa hilo vizuri, karibu kila ubishi kuhusu hizi njia mbili unajimaliza wenyewe.

Tuanzie kwenye mashine yenyewe. Inachanganya hewa yenye presha, maji na poda laini sana, ule mchanganyiko unapiga jino na kung'oa utando wa bakteria pamoja na madoa. Zamani poda ilikuwa ya baikaboneti ya sodiamu, chembe zake ni kubwa na kali, ni nzuri kwa madoa juu ya enameli lakini mzizi ulio wazi inaukwangua na fizi inazichubua, hiyo msiipeleke chini ya fizi kabisa. Poda za glisini zina chembe za kama maikroni 25 na za eritritoli kama 14, ukikumbuka unywele mmoja wa binadamu una kama maikroni 70 hivi utaona ni laini kiasi gani, na hizi ndo zilizofanya watu waanze kuingia mfukoni bila kuuharibu mzizi. Usiamini rangi ya kopo, soma jina la poda kabla hujaijaza kwenye mashine, nimeshaona mtu amejaza baikaboneti akijua ni glisini na mgonjwa katoka na fizi zimechubuka nyekundu.

Sasa kukwangua mizizi. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndo mnapokimbia.

Kazi ya kureti na ya mashine ya altrasoniki, ile yenye ncha inayotikisika kwa kasi sana, ni kuvunja na kutoa jiwe lililoshika mzizi chini ya fizi pamoja na utando ulio juu yake. Zamani walimu walifundisha kwamba ile simenti ya nje ya mzizi imelowa sumu za bakteria kwa hiyo uikwangue mpaka mzizi uwe laini kama kioo. Baadaye utafiti ukaonyesha zile sumu zimekaa juujuu tu, hazijazama ndani, hivyo hakuna sababu ya kuchonga jino la mtu. Siku hizi lengo ni kutoa jiwe na utando, ukimaliza simama. Ukiendelea kukwangua mzizi ulio safi kila miezi mitatu, mwaka baada ya mwaka, unapunguza jino, na mgonjwa anaanza kukwambia maji baridi yanamchoma.

Kureti za Gracey ndo mtakazokutana nazo sana, na kila namba ina sehemu yake: 5/6 meno ya mbele, 7/8 pande za shavu na ulimi za meno ya nyuma, 11/12 upande wa mbele wa magego, 13/14 upande wa nyuma. Ukiona unahangaika kufika mahali, mara nyingi umeshika namba isiyo yake au umegeuza upande. Angalia kile kipande cha mwisho cha mpini karibu na makali, kiwe sambamba na uso wa jino, hapo makali yanakuwa yamelala vizuri. Ingiza kureti ikiwa imefungwa, shuka mpaka chini ya jiwe, ifungue, bana, vuta mvuto mfupi wenye nguvu, halafu legeza mkono. Nguvu itoke kwenye kiganja na mkono mzima unaozunguka juu ya kidole ulichoegemeza, ukitumia vidole peke yake saa sita mchana huna mkono.

Na makali! Hili naomba mlisikie. Kureti butu hailitoi jiwe, inalisugua mpaka linakuwa laini, halafu ukipitisha probu unahisi hamna kitu na unamruhusu mgonjwa akiwa na jiwe limepigwa polishi ndani ya mfuko. Hiyo ni mbaya kuliko kutomgusa kabisa maana anayekuja baada yako naye atadanganyika. Noa kureti zako, zijaribu kwenye kijiti cha plastiki, makali yakishika sawa, yakiteleza rudi kwenye jiwe la kunolea.

Ukifanya vizuri, mgonjwa akapiga mswaki vizuri, mifuko ya milimita 4 hadi 6 huwa inapungua kwa wastani wa milimita 1.5 hivi, na ya 7 kwenda juu inapungua zaidi ya 2. Ila kadiri mfuko ulivyo mrefu ndivyo jiwe linavyobaki hata kwa fundi mzuri, na pale mizizi ya gego inapogawanyika ndo pabaya zaidi, kureti inakuwa pana kuliko pa kupita. Usijilaumu kupita kiasi, mwandikie mgonjwa miadi ya kupimwa tena baada ya miezi mitatu hivi, palipobaki milimita 6 au zaidi ongea na daktari wa fizi kuhusu kurudia au upasuaji. Huo ndo mtiririko ulio kwenye mwongozo wa Shirikisho la Ulaya la wataalamu wa fizi wa mwaka 2020: kwanza mgonjwa ajue kujisafisha na usafi wa juu ya fizi ufanyike, pili unaingia chini ya fizi, tatu ndo unashughulikia mifuko iliyogoma, halafu matunzo ya maisha.

Sasa poda inakaa wapi? Kwenye matunzo, wadogo zangu, hapo ndo kwake. Mgonjwa ameshatibiwa, jiwe limeshatoka, anarudi kila miezi mitatu au minne na kinachorudi kwenye mizizi yake ni utando laini tu, huyo ukimpulizia glisini au eritritoli matokeo ya fizi kutoka damu na vina vya mifuko yanakuwa sawasawa na ya kumkwangua, muda ni mfupi, maumivu kidogo, na mzizi unabaki na simenti yake. Tulikuwa na bibi mmoja wa matunzo ambaye kwa miaka tulimkwangua kila akija, tulipoanza kumpulizia akaniuliza, "mwanangu, mbona leo hujanifanya kitu?" Nikampa kioo, nikampima fizi zinazotoka damu mbele yake, sehemu mbili tu mdomo mzima. Tangu siku hiyo hajakosa miadi, na kwa mgonjwa wa fizi kuja kwenye miadi ni nusu ya tiba yenyewe. Kwenye vipandikizi vya titani, yale meno bandia yaliyofungwa kwenye mfupa, pia naipenda, maana kureti ya chuma inaikwaruza ile titani.

Kwa mgonjwa mpya mwenye jiwe, poda ni msaidizi. Mi siku hizi naanza na rangi ya kuonyesha ukoga, mgonjwa ajionee mwenyewe palipoachwa, napuliza kutoa ule ukoga laini wote, na kwa kuwa sasa pamekuwa peupe naona jiwe lilipo, ndo naingia na altrasoniki kisha kureti pale tu penye kitu. Ila kuongeza poda juu ya ukwanguaji uliofanyika vizuri kwenye tiba ya kwanza hakujaonyesha faida kubwa ya ziada kwenye vina vya mifuko, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba bila poda umemtibu nusu.

Kuhusu usalama msifanye haraka. Muulize mgonjwa kabla: pumu kali au ugonjwa wa mapafu wa muda mrefu, huyo usimpulizie. Aliyezuiwa chumvi na daktari, baikaboneti ya sodiamu isimguse. Atoe lenzi za machoni, avae miwani, mpake vaselini midomoni, saksheni kubwa, ule mrija wa kufyonza, iwe karibu kabisa na ncha kwa sababu ule ukungu unaoruka umebeba bakteria na damu, na wewe barakoa na ngao ya uso. Ile ncha nyembamba ya plastiki ya kuingia mfukoni ni ya mgonjwa mmoja tu, ina alama za milimita, iingize taratibu bila kulazimisha, iendelee kutembea juu na chini kwa kama sekunde 5 kila sehemu, basi. Ncha ya kawaida ielekeze kwenye jino, usiielekeze kwenye fizi wala kidonda, na jino lililong'olewa jirani juzijuzi usilisogelee.

Sababu ni kwamba hewa inaweza kuingia chini ya ngozi. Ni nadra lakini ukiiona hutaisahau, shavu linavimba ghafla mgonjwa akiwa kwenye kiti, na ukibonyeza kwa vidole unasikia kitu kinatatarika chini ya ngozi kama povu linalopasuka. Zima mashine hapohapo, usikande, muite daktari, angalia kama anapumua na kumeza vizuri na kama uvimbe unashuka shingoni. Mara nyingi unaisha wenyewe baada ya siku chache, lakini uamuzi wa kumruhusu aende nyumbani siyo wa kwako unayeanza.

Sigara na kisukari, andikeni kwenye faili siku ya kwanza, maana mvutaji hapati matokeo kama asiyevuta hata ungemfanyia nini, na sukari isiyodhibitiwa inakurudisha nyuma. Mswaki wa katikati ya meno mfundishe kwa mkono wake mwenyewe, aushike yeye, siyo wewe umuonyeshe kwa mfano wa plastiki halafu umuulize kama ameelewa.

Zoezi nililopewa na dada mkuu baada ya yule mama, nanyi nawapa. Omba meno yaliyong'olewa yaliyoshatakaswa, chagua yenye jiwe kwenye mzizi, yagandishe kwenye plasta ya jasi mpaka mizizi nusu. Puliza poda kwenye jino moja dakika nzima, liangalie kwa lenzi, pitisha probu ukiwa umefumba macho. Halafu chukua kureti iliyonolewa, vuta mara tatu nne palepale, fumba macho tena upitishe probu. Rudia mpaka kidole kitambue ukoga laini, jiwe, na mzizi wenyewe bila kuangalia. Mi ilinichukua wiki tatu, kila jioni baada ya kazi. Yule mama tulimrudia kwa sindano ya ganzi, robo moja ya mdomo kila wiki, na alipokuja kupimwa gego lile lilikuwa limeshuka kutoka 6 hadi 4, halitoki damu, nami safari hii nilipoandika kwenye faili nilikuwa nimeshapitisha probu pande zote sita za kila jino.