Hita ya gari la zamani: anza na maji kabla hujaigusa feni

Kama una gari la zamani na unaishi huku Nyanda za Juu Kusini, hita ikiacha kutoa joto usiipuuze. Maji yanayokupasha miguu ndiyo hayo hayo yanayopoza injini. Yakishindwa kupita kwenye hita, kuna jambo linaendelea ndani ya mfumo mzima, na litajitokeza siku unapopanda mlima mkali wa Kitonga na mzigo. Natunza Land Rover Series III ya petroli hapa Mbeya, toleo lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na karibu kila gari la kuchemsha nililoshiriki kulitengeneza, langu au la jirani, mwenyewe alikuwa ameanza kwa kulalamika baridi.

Mengi ya magari haya yametufikia yakitokea Pwani. Kule hita ikivuja, fundi anachomoa mipira yake miwili, anaiunganisha kwa kipande cha bomba, kazi imeisha. Mwenye gari hana neno, kwani Dar es Salaam nani anawasha hita? Baadaye gari linauzwa, linapanda Mbeya au Njombe, mwezi wa sita unaingia. Unatoka Uyole alfajiri kwenda Tukuyu, ukifika Isyonje ukungu umefunga barabara na kioo cha mbele kimejaa mvuke kwa ndani. Unafuta kwa kitambaa, unarudi pale pale. Hewa ya moto inayopulizwa kwenye kioo ndiyo itakayokuonyesha lori lililo mbele yako. Kwangu hita ni kifaa cha usalama kama breki, na nikikagua gari la kununua naiangalia mapema.

Halafu kuna suala la mwinuko, ambalo mafundi wengi hawaligusi. Mbeya mjini iko takribani mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hapa maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kitulo, kwenye mita 2,600, ni kama nyuzi 91. Kinachoyafanya maji ya injini yastahimili zaidi ya hapo ni mfuniko wa rejeta, kwa sababu unayabana: kila psi moja (kipimo cha mgandamizo) huongeza karibu nyuzi 1.6. Mfuniko wa psi 9 ukiwa mzima unakupa nyuzi 14 za ziada. Mpira wake ukikauka na kupasuka, hizo zote umezipoteza, na gari linachemsha Mbeya wakati Morogoro lilikuwa linatembea vizuri. Kwa hiyo anza na mfuniko. Ni spea ya bei ndogo. Nunua wenye namba ile ile iliyoandikwa na mtengenezaji, usipandishe, maana rejeta ya zamani imeungwa kwa risasi na mgandamizo mkubwa utazifumua sehemu hizo zilizoungwa.

Injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko uangalie maji. Yakiwa na rangi ya matofali, ni kutu. Yakiwa na utando wa mafuta, au stiki ya oili ikitoka na kitu cheupe kizito, fikiria gasketi ya silinda hedi. Washa injini mfuniko ukiwa wazi: mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma, na yana harufu ya moshi wa ekzosi, achana na habari za hita. Tengeneza hedi kwanza.

Maji yakiwa hayana dalili hiyo, funga, endesha mpaka injini ipate moto, kisha zima na ushike kwa uangalifu mipira miwili ya hita. Yote miwili ikiwa ya moto, maji yanapita. Tatizo liko kwenye upepo, yaani feni, fyuzi au kile kibati kinachoelekeza hewa. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine vuguvugu, hita imeziba. Yote ikiwa baridi, angalia koki inayofungulia maji kwenda kwenye hita. Kwenye magari haya koki huvutwa na waya, na waya hukamatwa na kutu ndani ya ala yake. Kwenye dashibodi unasukuma mkono unasogea vizuri, lakini kule mbele koki haijatikisika. Mwambie mtu asukume huku wewe umeinama kwenye boneti unatazama.

Hita iliyoziba huoshwa kinyumenyume. Chomoa mipira yote miwili, chomeka bomba la maji kwenye tundu la kutokea, fungulia taratibu. Mwanzoni hakitoki kitu. Halafu linakuja tope la kahawia, zito kama uji wa ulezi, lenye vipande vya magamba ya kutu. Usiongeze nguvu ya maji ili liishe haraka. Vijibomba vya ndani ni vyembamba na vimeshachoka. Yakianza kwenda meupe, jaza siki, iache saa chache, uoshe tena kwa upande ule ule, kisha kwa upande wa pili. Ikionekana inavuja, mpelekee fundi wa rejeta aiunge. Ile dawa ya unga ya kuziba matundu sitaki hata kuiona. Haichagui tundu, na mahali pa kwanza kuganda ni kwenye vijibomba vya hita.

Tope hilo halikuanzia kwenye hita. Limetoka kwenye bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda. Ukiosha hita peke yake, utalikuta tena muda si mrefu. Kwenye injini ya Land Rover hii kuna koki ya kumwagia maji ubavuni mwa bloku, na mara nyingi ukiifungua hakitoki hata tone kwa sababu nyuma yake pamejaa. Ifungue yote, chokonoa kwa waya mpaka maji yatoke kwa kasi. Rejeta nayo, kama ni ya shaba, fundi anaweza kuyeyusha risasi, akaondoa tangi la juu na kupitisha vyuma vyembamba kwenye kila njia. Kazi hiyo ina thamani kuliko kununua rejeta mpya usiyoijua ubora wake.

Sasa themostati, kile kizibo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Hapa nitabishana na fundi yeyote. Utamsikia: "Mzee, hii tuitoe tu, gari halitachemsha tena." Ukiitoa, injini huchelewa kupata joto, na kwenye baridi ya Makambako au Makete huenda isilipate safari nzima. Petroli inaliwa zaidi, oili inachafuka, silinda zinalika, na hita haitapata maji ya moto hata uifanyeje. Na kama gari lilikuwa linachemsha kwa sababu rejeta imeziba, bado imeziba. Umeondoa dalili tu kwenye barabara tambarare. Kupima themostati ni rahisi. Ifunge uzi, ining'inize ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, washa jiko. Iliyoandikwa 82 inapaswa kuanza kufunguka maji yakiwa bado hayajachemka, hata hapa kwetu. Ukiona maji yanatokota na yenyewe bado imefumba, tupa. Unapofunga mpya, kile kitundu chake kidogo kikae juu ili hewa ipite.

Mipira ibinye kwa vidole: ikiwa laini kama imelowa, au migumu inayotoa mlio, badilisha. Mpira wa chini wa rejeta huwa na springi ndani kwenye magari mengi. Usiitupe, inauzuia kujibana pampu inapovuta. Mkanda wa feni ukiubonyeza katikati uingie kama sentimita moja.

Kwa kujazia, napenda maji ya mvua yaliyokingwa vizuri baada ya bati kuoshwa na mvua za mwanzo. Hayana chokaa. Changanya nusu kwa nusu na kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, ya kijani ya aina ya zamani. Zile za kisasa za muda mrefu zinalalamikiwa kwenye rejeta za shaba na risasi. Badilisha kila baada ya miaka miwili. Kulanti si ya baridi tu, ndiyo inayozuia kutu. Simamisha gari pua ikiangalia mlimani, na Mbeya mlima huutafuti, fungua koki ya hita, jaza polepole, acha injini inguruke mfuniko ukiwa wazi mpaka mapovu yaishe na themostati ifunguke. Hewa ikibaki ndani, hita itatoa baridi na utadhani umefanya kazi bure.

Wenye Peugeot 504 wakague ile feni inayoshikwa kwa sumaku: kibrashi chake cha kaboni kikiisha, feni inazunguka kivivu na gari linachemsha mlimani. Wa Volkswagen kobe hawana rejeta, lakini hita yao inapata joto kwenye bomba la moshi. Bomba likitoboka, moshi wenye sumu unaingia ndani ya gari, kwa hiyo harufu yoyote ya ekzosi ni sababu ya kuliegesha.

Ukiwa Kitonga, au kwenye kona za Chimala kwenda Matamba, na mshale wa joto unapanda, fungua hita yote na feni yake, teremsha vioo. Hita ni rejeta ndogo ya pili. Punguza gia na kasi, ukipata pa kuegesha salama simama. Usifungue mfuniko, wala usimwage maji ya baridi kwenye injini iliyopata moto kupita kiasi. Hedi inaweza kupasuka.

Baada ya safari ya kwanza, subiri asubuhi injini ikiwa imepoa. Ongeza maji yaliyopungua, kisha kaza klipu zote upya, kwa sababu mipira mipya hulegea ikishapata moto mara ya kwanza.