Bakteria Teule kwa Utumbo Uliougua

SWALI: Dada yangu anayeishi Kanada alitibiwa nimonia kwa viuavijasumu, kisha akaanza kuharisha sana. Vipimo vilionyesha bakteria aitwaye Clostridioides difficile, na sasa ugonjwa umemrudia mara ya pili. Daktari amemtajia tiba ya kinyesi cha mtu mwenye afya, na pia vidonge vya bakteria teule vinavyofanyiwa majaribio. Tofauti yake ni nini, na je, mtindi hautoshi?

JIBU: Mpe dada yako pole zetu. Viuavijasumu vilivyomponya mapafu viliua pia bakteria wengi wa utumbo mpana, wakiwemo wale wanaobadilisha asidi za nyongo ziwe za aina inayomzuia C. difficile kukua. Wao wakitoweka, spora za adui huyo, yaani chembe zake zilizolala zenye ganda gumu, ambazo dawa haiziui, hupata nafasi ya kuchipua dozi inapokwisha.

Kinyesi cha mfadhili, yaani mtu mwenye afya anayekitoa, hurudisha jamii nzima ya bakteria. Katika jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 13 kati ya 16 walipona kwa dozi ya kwanza, ilhali waliopewa kiuavijasumu cha vankomaisini peke yake walipona 4 kati ya 13. Hata hivyo, kinyesi hubeba pia yasiyotakiwa: mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kifo cha mgonjwa aliyeambukizwa bakteria sugu kutoka kwa mfadhili.

Ndiyo maana mimi nayapa uzito mkubwa makundi teule ya bakteria, kwa sababu kila aina inajulikana, inakuzwa peke yake na kupimwa kabla mgonjwa hajaimeza. Huko huko Kanada, mwaka 2013, watafiti walichanganya aina 33 na kuwaponya wagonjwa 2. Baadaye mchanganyiko wa aina 8, VE303, ulijaribiwa Marekani na Kanada: kati ya waliopewa dozi kubwa ugonjwa uliwarudia asilimia 13.8, na kati ya waliopewa vidonge visivyo na dawa asilimia 45.5. Jaribio hilo lilikuwa dogo, la watu 79 tu, na kwa hiyo lilihitaji kufuatiwa na kubwa zaidi.

Mtindi ni chakula chema, lakini bakteria wake kwa kawaida hupita tu bila kuweka makazi, na kazi ile ya nyongo hawaifanyi. Dada yako amalize dawa alizoandikiwa, amuulize daktari kama anastahili kuingia katika jaribio, na asijaribu kamwe kujitengenezea tiba ya kinyesi nyumbani. Wanaomhudumia wanawe mikono kwa sabuni na maji, kwa kuwa vitakasa mikono vya alkoholi haviziui spora.