Redio jamii ya mji mdogo: masafa kwanza, transmita mwisho

Kosa linalovigharimu vikundi vingi vya redio jamii hufanyika kabla hata fomu haijajazwa. Watu wanachanga, wanaagiza transmita (mtambo wa kurushia matangazo) mtandaoni, halafu ndipo wanakwenda kuulizia leseni. Mzigo ukifika mpakani Holili au Namanga unatakiwa kibali cha TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na kibali hakuna. Hata mkifanikiwa kuutoa, mmeshajifunga wenyewe: wati 300 mlizolipia huenda zisiwe ndizo mtakazoruhusiwa kurusha, na antena iliyokatwa kwa 92 MHz haitakaa sawa mkipangiwa 105. Transmita inunuliwe mwisho, tena iwe ya aina ambayo TCRA imeshaiidhinisha itumike nchini.

Hatua ya kwanza ni kwenda ofisi ya TCRA Kanda ya Kaskazini, pale Arusha, mkiwa na swali moja: wilaya yetu ina masafa ya FM ya kupangiwa redio ya jamii? Mkanda wote wa FM unaanzia 87.5 hadi 108 MHz, na huku kwetu stesheni za Arusha na Moshi zimeujaza kwa sehemu kubwa, kwa kuwa minara iliyo juu inasikika mbali. Mkiwa Himo au Bomang'ombe, jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama mnaendelea, mnahamisha eneo la mnara, au mnasubiri.

Mfahamu pia kwamba leseni ni mbili. Iko ya maudhui, inayowaruhusu kutangaza kama redio ya jamii, na iko ya masafa, inayowapa namba ya kurushia. Zote ziko chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na kila moja ina malipo yake. Mkitenga fedha ya leseni ya maudhui peke yake mtakwama njiani. Ulizeni ada ya maombi, ada ya leseni, ada ya kila mwaka na ada ya masafa, kila moja kwa jina lake, ndipo mpange bajeti ya miaka mitatu. Kupata leseni bila uwezo wa kulipa ada ya mwaka wa pili ni kazi bure.

Kuhusu usajili wa kikundi, njia zinafahamika: shirika lisilo la kiserikali, bodi ya wadhamini kupitia RITA (wakala wa usajili, ufilisi na udhamini), au kampuni isiyogawana faida kupitia BRELA (wakala wa usajili wa biashara na leseni). Kinachokwamisha mafaili ni mambo madogo. Jina kwenye cheti linasema "Kikundi cha Maendeleo", kwenye TIN (namba ya mlipakodi) limefupishwa, benki wameandika vingine. Liwe lile lile, herufi kwa herufi. Someni pia malengo kwenye katiba yenu. Kama kikundi kilisajiliwa kwa ajili ya ufugaji nyuki na neno utangazaji halimo, rekebisheni katiba kwanza.

Upande wa maudhui mtaandika ratiba ya vipindi ya wiki nzima, sera ya uhariri, na majina ya wahusika pamoja na sifa zao. Waandishi wa habari wanahitaji ithibati, kwa hiyo msiorodheshe vijana wa kujitolea kama wahariri wakati hawana cheti kinachotakiwa. Kama mnakusudia kutangaza kwa Kimaasai au Kichaga, liandikeni mapema na muombe idhini. Orkonerei FM ya Terrat, Simanjiro, imewatangazia wafugaji kwa Kimaasai, kwa hiyo si jambo geni. Mnapopiga muziki kuna haki za wasanii, na hilo mliulizie COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Sasa twende kwenye eneo la mnara. Hapa ndipo faili linapoonekana kama limeandaliwa na mtu anayejua anachofanya.

Anzeni na majira ya nukta, yaani namba zinazoonesha mnara uko wapi kwenye ramani. Ramani za zamani za nchi yetu zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, wakati simu na GPS hutumia WGS84. Nukta ile ile ikisomwa kwa mifumo hiyo miwili hutofautiana kwa takriban mita 300. Katika nchi tambarare hizo hazibadilishi mengi. Kwenye migongo ya Kilimanjaro mita 300 zinaweza kuushusha mnara wako kutoka kilimani hadi korongoni, na ramani ya usikivu ikatoka ya uongo. Someni kwa GPS, andikeni kwamba ni WGS84, na namba hiyo hiyo iingie kwenye fomu, kwenye mkataba wa kiwanja na kwenye barua ya halmashauri. Urefu nao unachanganywa sana: fomu inataka kimo cha ardhi kutoka usawa wa bahari, na urefu wa antena kutoka ardhini. Ni namba mbili, kila moja ina nafasi yake.

Baada ya hapo fanyeni hesabu ya nguvu. Kinachowafikia wasikilizaji ni nguvu inayotoka kwenye antena, ile ambayo fomu huiita ERP. Wati zilizoandikwa kwenye boksi la transmita ni mwanzo tu wa hesabu. Chukua wati 100 na waya wa antena wa mita 40. Ukitumia waya mnene wa nusu inchi unapoteza kama desibeli 0.9 (desibeli ni kipimo cha nguvu inavyopungua au kuongezeka), na wati 81 zinafika juu. Ukitumia waya mwembamba zaidi wa aina ya RG-213, ambao mafundi wengi huuchagua kwa sababu ni rahisi kupinda na bei yake ni nafuu, unapoteza kama desibeli 2.6 na zinafika wati 55. Antena ya dipole (antena rahisi ya fito mbili) mbili zilizopangwa wima huongeza takriban desibeli 3, yaani mara mbili: wati 162 kwa waya mnene, 110 kwa RG-213. Transmita ni ile ile moja. Kwa maoni yetu, fedha ya ziada iende kwenye waya na kwenye urefu wa mnara kabla ya kufikiria transmita kubwa.

Urefu una hesabu yake pia. Antena ikiwa mita 30 juu na redio ya msikilizaji mita 2, upeo wa mawimbi kwenye tambarare ni kama kilomita 28. Lakini huku hatuna tambarare nyingi. Mnara ulioko Himo utaangaza vizuri mteremko unaoutazama, huku kijiji kilicho ng'ambo ya mgongo, chini kwenye korongo la mto, kisipate kitu. Tembeeni na redio ndogo, msikilize stesheni iliyoko karibu na eneo lenu inavyofifia kila mnaposhuka bonde. Halafu mlifikirie jirani: kutoka Himo hadi Taveta, upande wa Kenya, si mbali, na mawimbi hayaoneshi pasipoti mpakani. Msishangae mkipunguziwa nguvu au mkitakiwa kuielekeza antena upande mwingine.

Walioko Usa River, Bomang'ombe na viunga vya Moshi wana jambo jingine zito, nalo ni uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA. FM inaishia 108 MHz, na hapo hapo ndipo masafa ya mitambo ya kuongoza ndege yanapoanza. Stesheni mbili zikiwa karibu, au transmita ikiwa mbovu, mawimbi yao yanachanganyika na kuzaa la tatu. Kwa mfano wa hesabu tu: mara mbili ya 102.9 ukitoa 97.7 unapata 108.1, ambayo ni moja ya namba zinazotumiwa na mtambo wa kumwongoza rubani kushuka kwenye njia ya kutua. Hili ni suala la uhai wa watu. Wekeni kichujio baina ya transmita na antena tangu siku ya kwanza, hata muuzaji akisema transmita inacho ndani. Kabla ya kusimamisha mnara, pelekeni urefu na nukta zake Mamlaka ya Usafiri wa Anga, wawaambie kuhusu rangi nyekundu na nyeupe na taa ya juu. Kibali cha ujenzi cha halmashauri hakichukui nafasi ya idhini yao.

Umeme upigiwe hesabu kwa kukatika kwake. Studio na transmita vikila wati 500, saa nane ni kilowati-saa 4. Betri za asidi hazipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo mnahitaji kama 24 V yenye Ah (amp-saa) 400, yaani betri nne za Ah 200, na kidogo kitapotea kwenye inveta. Stebilaiza ni lazima. Arthi nayo msiifanye kwa nondo moja. Udongo wetu wa majivu ya volkeno na mawe hukauka, na kiangazi ukinzani wa arthi unapanda. Chimbieni vyuma vya shaba vitatu au zaidi, mviachanishe mara mbili ya urefu wa kimoja, mviunge pamoja, halafu mpime. Lengo ni chini ya ohm 10. Ganda la waya wa antena liunganishwe na arthi juu ya mnara, chini yake, na pale linapoingia chumbani. Radi hupita njia mliyoiacha wazi.

Kabla ya wakaguzi kuja, hakikisheni kifaa cha kuwekea sauti kikomo kimewekwa ili masafa yasitanuke kupita kHz 75 kila upande. Mtangazaji akipiga kelele ndipo stesheni huvamia jirani, na malalamiko huanzia hapo. Rekodini kila kinachoruka hewani na mtunze siku 90. Kwa kbps 64, siku moja ni kama MB 690, na siku 90 hazifiki GB 65. Diski ndogo inatosha.

Masika yakiingia, angalieni SWR ya transmita (kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena) asubuhi na mchana. Ikipanda alfajiri baada ya mvua na kushuka jua linapowaka, maji yameingia kwenye konekta ya juu. Ukiifungua utakuta shaba imegeuka kijani na plastiki nyeupe ya katikati ina alama nyeusi kama ya kiberiti. Isikaushwe na kurudishwa. Kata waya sentimita 20 hivi, au zaidi kama shaba ndani bado ni nyeusi, mpaka ufikie inayong'aa. Funga konekta mpya, zungushia utepe wa mpira unaojigandisha kuanzia chini kwenda juu ili kila mzunguko uulalie ule wa chini kama bati, kisha uache waya ulegee kidogo kabla haujaingia ukutani ili maji yadondoke nje.