Forester cc 2000 njia ya Malindi–Mombasa: karatasi yasema 15.2 kwa lita, mie napata 12

Salaam aleikum wadau. Kuna ndugu yetu wa Mpeketoni kauliza jana, kanunua Subaru Forester ya 2014, cc 2000, ile ya CVT (gia ya otomatiki isiyo na hatua), karatasi ya Japani yasema kilomita 15.2 kwa lita, yeye akienda Mombasa na kurudi anapata 11 na pointi, na fundi kashamwambia injekta, zile zinazonyunyizia petroli kwenye injini, zimekufa zataka kubadilishwa zote nne. Kaka, usitoe hata shilingi kwanza. Mie ninayo gari hiyohiyo, mwaka huohuo, niliitoa bandarini 2021, naishi hapa Malindi, na tangu petroli ikaribie shilingi 200 mwaka 2023 kila lita inayoingia kwenye tangi naiandika kwenye daftari, tarehe, kilomita, lita, nilikwenda wapi na nilibeba nani. Kwa hivyo haya si ya kusikia.

Safari za barabara kuu peke yake, bila kuzunguka mjini, wastani wangu ni 12.3 kwa lita. Yaani asilimia 81 ya ile namba ya karatasi. Na gari yangu haina ugonjwa wowote.

Ile 15.2 yenyewe si uongo, ila yatakikana ujue ilipimwa vipi. Ni kipimo cha Wajapani kinaitwa JC08, gari inawekwa juu ya rola ndani ya maabara, inaendeshwa dakika 20 hivi, kilomita 8 na kidogo, mwendo wa wastani ni 24.4 kwa saa na mwendo wa juu kabisa ni 81.6, AC imezimwa. Hebu fikiria, sisi tukitoka Gede tukishapita msitu wa Arabuko-Sokoke nani anakwenda 81? Alafu katika zile dakika 20 gari inasimama karibu thuluthi ya muda wote, na hizi Forester zilikuja na ile mambo ya kujizima injini ukisimama, kwa hivyo kwenye kipimo pale inaposimama haili kitu. Yako bado yajizima? Yangu haijizimi tangu 2022, manake betri iliyokuja nayo ilikuwa ya aina yake maalumu, ilipokufa nikaweka ya kawaida kwa sababu ya bei, na mfumo wenyewe ukaacha kufanya kazi. Wengi tuko hivyo na hatujui kwamba hapo tushapoteza sehemu ya ile 15.2.

Ukitaka namba iliyo karibu na maisha yetu tazama ya Wamarekani. Wao tangu gari za mwaka 2008 hesabu yao inaingiza mwendo wa kasi mpaka kilomita 129 kwa saa, na kipimo kingine cha AC katika joto la digrii 35, ambayo ni Malindi ya mwezi wa tatu hiyo. Forester ya 2014 kule ilikuwa na injini kubwa zaidi, cc 2500, na kwa barabara kuu waliiandikia maili 32 kwa galani, ukigeuza ni kama 13.6 kwa lita. Injini kubwa, namba ndogo kuliko ya Mjapani, na mtu wa kawaida anaweza kuifikia. (Galani ya Marekani ni lita 3.785, ya Muingereza ni 4.546, usije ukachanganya ukaona gari za Uingereza zakunywa kidogo sana.) Na wanaoagiza gari za kuanzia 2018 huko Japani, karatasi nyingi zina kipimo kipya cha WLTC, kinatoa namba tatu, ya mjini, ya nje ya mji na ya barabara kuu. Itazameni ile ya tatu.

Sasa tuje kwenye kupima kwako, manake hapo ndipo wengi wanapotea. Dashibodi usiiamini. Yangu yanionyesha 13.1 wakati kweli yake ni 12.3, kila mara iko juu, haijawahi hata siku moja kukosea kwenda chini. Pima tangi kwa tangi: jaza mpaka pampu ikatike yenyewe, sufurisha kilomita, enda safari, rudi petroli stesheni ileile, pampu ileile, jaza tena mpaka ikatike, gawa kilomita kwa lita. Na hapo kwenye kukatika ndipo penye kazi. Kijana wa pampu siku zote ataka kukufikishia hesabu kamili, pampu imekatika kwenye shilingi 3,412 yeye anaongeza kidogokidogo, tik, tik, tik, mpaka ifike 3,500 asitafute chenji. Ile ni karibu nusu lita imeingia juu ya shingo ya tangi, na kwa safari fupi ya lita 10 nusu lita yatosha kukuonyesha gari yako ni mgonjwa au ni malaika. Mie sasa nashuka, nasimama kando ya mdomo wa pampu, ikikatika mara ya kwanza namwambia hapo hapo baba, basi, na chenji natembea nayo.

Tairi nazo. Ya asili ni 225/60 R17. Wengi wetu huku kwa ajili ya njia zetu tunaweka 225/65, na mie nimeweka. Tairi hiyo ni kubwa kwa asilimia 3 hivi, maana yake gari ikienda kilomita 100 za kweli mita yako yahesabu kama 97, kwa hivyo ukidhani umepata 11.2 kweli yako ni kama 11.6. Washa ramani ya simu mulinganishe kilomita 50 tu utaona. Na upepo wa tairi utazame kwa stika ya mlangoni, imeandikwa kwa kPa, 230 ni kama 33 za psi. Nshakuta watu wanatembea na 26 na wanalalamika mafuta.

Jambo ambalo halikunijia akilini mpaka daftari lilipojaa kurasa ni upepo wa angani. Mwezi wa nane 2023 nilikwenda Mombasa mara tatu, nikawa najaza Malindi na najaza tena Nyali. Kwenda, kilomita 116, lita 10.4. Kurudi, kilomita zilezile, lita 8.9. Yaani 11.1 kwa 13.0. Nikadhani ni kosa la pampu, mara ya pili vilevile, mara ya tatu vilevile. Nikakaa nikafikiri, nikamuuliza mjomba wangu aliyekuwa nahodha wa jahazi, akaniambia wewe mwezi wa nane wakwenda Mombasa, kusi lakupiga usoni, wataka nini? Na ni kweli, ukitoka Malindi waelekea kusini, kusi linakuja mbele kwa upande wa bahari, ukirudi linakusukuma mgongoni. Fanya hesabu, nguvu ya upepo kwenye gari yapanda kwa mraba wa mwendo. Uko 90, upepo waja mbele kwa 20, gari yahisi kama iko 110, nguvu ya kuizuia imepanda karibu nusu nzima. Kurudi yahisi kama 70, imepungua kwa asilimia 40. Ukijumlisha havifutani, unabaki na hasara kidogo. Mwezi wa kwanza kaskazi lilipoingia daftari likageuka, kwenda ikawa nzuri na kurudi ndiyo ikala. Kwa hivyo kaka yangu ukiniambia wapata 11 bila kuniambia ni mwezi gani na wapimia upande gani, hujaniambia kitu bado. Pima kwenda na kurudi pamoja, siku zote.

Na hesabu hiyohiyo ya mraba ndiyo ya mwendo. Kutoka 80 mpaka 110 nguvu ya upepo yakaribia kuwa maradufu. Kwenye lami tupu ya Voi nikiwa 110 napata 10.9, nikiwa 90 napata 13. Hizi gari zimesimama wima, si kama Toyota Axio inayopita chini chini.

Lakini kwa njia yetu ya Mombasa mwendo si adui mkubwa, adui ni matuta. Siku moja mwanangu alihesabu, matuta yaliyonilazimisha kukanyaga brek mpaka 20 yalikuwa 34 kabla hatujafika Mtwapa. Gari na watu ni kama kilo 1,700, ukiishusha kutoka 80 mpaka 20 kwa brek alafu uirudishe 80, nimepiga hesabu ni kama mililita 37 za petroli, kile kikombe kidogo cha kahawa chungu cha barazani, hakijajaa sana. Kila tuta wamwaga kikombe kimoja barabarani. Vikombe 34 ni lita moja na robo, katika safari inayokula lita 9 au 10! Ndio maana sasa naachia mafuta mapema sana, nikiona tu kibao au watu wa mahindi wamesimama kando na ndoo zao mbele huko nashajua kuna tuta, naondoa mguu, gari inashuka yenyewe mpaka 40, brek naigusa mwisho tu. Matatu nyuma itapiga honi na kukupita, ipite. Kwa hilo peke yake nimepata karibu kilomita moja zaidi kwa kila lita.

Mtwapa sina haja ya kueleza, ukikaa foleni saa nzima na AC inawaka ni kama lita moja imeondoka na hujasogea. Mie natoka Malindi alfajiri baada ya swala, saa kumi na mbili na nusu niko Kilifi darajani.

Nairobi nimekwenda mara mbili. Kupanda kilomita 603 kwa lita 50.6, kushuka lita 46.4. Tofauti ya lita 4 ni mlima tu, manake kutoka baharini mpaka kule ni zaidi ya mita 1,600, na kuinua gari iliyojaa urefu huo ni kama lita mbili na nusu kwa injini hizi, alafu kushuka unarudishiwa kiasi. Kwa hivyo anayejisifu kwamba gari yake ilikula vizuri kuja pwani mwambie arudi nayo kwanza.

Njia bora kabisa kwenye daftari langu ni hiyo yenu watu wa Mpeketoni. Malindi, daraja la Sabaki, Gongoni, Garsen, Witu mpaka Mokowe na kurudi, kilomita 446, lita 33.5, ni 13.3. Lami safi, magari machache, 85 kwenda 90, unasimama vizuizi vya polisi tu. Iko karibu kabisa na ile 13.6 ya Wamarekani. Wallahi nilifurahi siku ile kama nimepewa zawadi, nikapiga picha ukurasa wa daftari.

Nisiseme gari haiumwi kamwe. Desemba iliyopita yangu ilishuka mpaka 10.6 na sikubadilisha chochote. Nilisimama Gede kununua maji, nikapita nikishika rimu moja moja kwa kiganja, tatu zina joto la kawaida, ya nyuma kushoto sikuweza kuishika hata sekunde. Kalipa, kile kifaa kinachobana brek ya gurudumu, ilikuwa imebana, pini zimeshika kutu, na sisi tunaokaa karibu na chumvi ya bahari hilo latupata sana. Fundi alizitoa, akazisugua, akapaka grisi yake, kazi ya mchana mmoja, wiki iliyofuata nikarudi 12.2. Kama ningeanza na injekta ningekuwa nimelipia nne na gari bado yaburuta brek.

Basi kaka, fanya hivi kabla hujampa fundi pesa. Weka tairi 33 asubuhi zikiwa baridi, toa keria ya juu kama unayo, jaza Malindi mpaka pampu ikatike, enda mpaka kwenu, urudi, usipite 90, jaza pampu ileile. Ukipata 12 na kuendelea gari yako ni nzima na injekta zako ni nzima. Ukipata chini ya 10 na nusu kwa njia hiyo, hapo kweli kuna kitu, shika rimu kwanza, tazama eya klina, plagi na thamostati, injekta ziwe za mwisho. Ulete namba hapa, na uandike tairi zako ni saizi gani na upepo ulikuwa watoka wapi.