Kichujio kimezuia ubwabwa, matusi yanapita

SWALI: Nasimamia kundi la Discord la wacheza gemu hapa Dodoma, tuko kama 60. Tukifungwa usiku, aliyekosea anaitwa msenge au bwabwa, kwa maandishi na kwa sauti. Wawili wameondoka bila kuaga. Nimeweka maneno hayo kwenye AutoMod, kichujio cha maneno cha Discord, lakini inazuia hata anayetaja ubwabwa wa mchana, huku matusi mengine yakipita. Nimekosea wapi?
Msimamizi, Makulu

JIBU: Kosa liko kwenye nyota (*) ulizozungushia maneno. Ukiandika *bwabwa*, linazuiwa kila neno lenye herufi hizo ndani yake. *senge* itamnasa anayesema "acheni kusengenyana", na hata msenge* inamnasa msengenyaji. Toa nyota, andika kila umbo zima, maana Kiswahili hubadilisha neno mwanzoni: msenge, wasenge, usenge, kisenge. Kwa wanaovuta herufi, weka msengee*. Ongeza ms3nge, kwa wanaobadilisha herufi kuwa tarakimu. Jaribu kwa akaunti ya mwanachama wa kawaida. Wenye mamlaka ya usimamizi hawachujwi, utadhani imeharibika.

"Shoga" usilizuie, wasichana huitana hivyo kwa mapenzi. Liwekee kanuni ya pili inayowatumia wasimamizi taarifa tu, msome wenyewe.

Sauti AutoMod haiisikii. Hapo panahitaji mtu: wasimamizi wawili wawe kwenye chumba cha sauti saa za mechi, wamnyamazishe aliyetukana palepale kwa dakika 10. Akirudia, siku 1. Mara ya tatu atoke, hata awe ndiye mlengaji wenu bora. Aliyenyamazishwa haandiki wala haongei. Viwango hivyo viandikwe kwenye chaneli ya sheria mapema, la sivyo kila adhabu itaonekana chuki binafsi.

Sasa lililo zito zaidi. Huenda kati ya hao 60 yupo anayesikia neno msenge kila usiku akijua linamgusa yeye, na hawezi kulalamika bila kujianika. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kinachoadhibu kujamiiana kinyume cha maumbile, kinafika hadi kifungo cha maisha, kwa hiyo uvumi tu unaweza kumponza. Usimuulize aliyetukanwa kama "ni kweli", na yeyote atakayeuliza hivyo chumbani apewe adhabu ileile. Picha za skrini za ushahidi zibaki kwa wasimamizi, jina la aliyetukanwa likiwa limefutwa.

Wale wawili waandikie faraghani kwamba uliona na umechukua hatua gani. Usiwaombe warudi wiki hii. Chumba bado hakijatulia.