Maswali ya Wasomaji: Kati ya Gati la Southampton na Jiji la London kwa Gari la Kukodi

Barua nyingi zilizotufikia msimu huu zinahusu safari moja: ile ya kati ya bandari ya Southampton, ambako safari nyingi za meli za kitalii za Uingereza huanzia na kuishia, na jiji la London lililo umbali wa kilomita zipatazo 130 kaskazini-mashariki yake. Wasomaji wanaoalikwa na watoto wao walioko Ulaya, na wengine wanaojilipia wenyewe baada ya kustaafu, wamesikia kwamba gari la kukodi lenye dereva linaweza kuwachukua hotelini, likawapitisha mahali pa kutembelea, kisha likawafikisha gatini pamoja na mizigo yao. Tumechagua barua tano zinazogusa mambo ambayo wengi wameuliza. Saa zote zilizotajwa humu ni za Kiswahili.

Mwanangu anayeishi London ametukatia, mimi na mama yake, tiketi ya meli ya kwenda Norwei inayong'oa nanga Southampton saa kumi na nusu jioni. Nilifundisha historia kwa miaka mingi na nimetamani siku zote kuyaona mawe ya Stonehenge, lile duara la mawe ya kale. Je, tunaweza kupitia huko siku ileile ya kupanda meli? (Mwalimu mstaafu, Tanga)

Shikamoo Mwalimu. Inawezekana, ingawa kama ratiba yenu ingeruhusu ningewasihi muyaone mawe hayo siku ya kushuka melini. Siku ya kupanda, mwenye saa ni nahodha. Kampuni nyingi hufunga mlango wa kuandikisha abiria saa moja au saa moja na nusu kabla ya kung'oa nanga, kwa hiyo meli ya saa kumi na nusu inaweza kuwa imekufungia tangu saa tisa alasiri, na abiria aliyekuja kwa gari alilojikodia hasubiriwi, hata awe amekwama kwenye foleni isiyo kosa lake. Siku ya kushuka, gari likichelewa saa nzima barabarani, mnachopoteza ni chakula cha jioni kwa mwenyeji wenu.

Ikiwa hakuna siku nyingine, basi panga hivi. Ondokeni London saa moja na nusu asubuhi, kwa sababu kutoka katikati ya jiji hadi Stonehenge ni mwendo wa saa mbili hivi, na mkatiwe tiketi za kuingia mapema, kwani shirika la English Heritage linalotunza mahali hapo huuza tiketi za muda maalumu. Jengo la kupokelea wageni, lililofunguliwa mwaka 2013, liko zaidi ya kilomita mbili kutoka kwenye mawe yenyewe, na basi dogo huwapeleka na kuwarudisha wageni, jambo litakalowafaa ikiwa magoti yameanza kulalamika. Saa mbili zinatosha kwa basi, kwa kuzunguka mawe na kwa jumba la makumbusho. Saa sita kasorobo muwe garini. Southampton ni mwendo wa saa moja hivi kutoka hapo, na mtakuwa na nafasi ya saa mbili ya kujikinga na foleni. Nafasi hiyo msikubali iguswe na mtu yeyote, hata dereva mkarimu atakayejitolea kuwaongezea kituo kimoja zaidi.

Foleni ninayoihofia ni ya barabara ya A303, inayopita karibu kabisa na mawe na ambayo hapo ina njia moja tu kila upande. Mpango wa kuizamisha chini ya ardhi kwa handaki ulifutwa na serikali ya Uingereza mwaka 2024, kwa hiyo magari ya watu wanaokwenda likizo magharibi mwa nchi yataendelea kubanana hapo, hasa Ijumaa alasiri na Jumamosi za kiangazi. Vilevile epukeni siku ya 21 Juni, kwa kuwa usiku wa kuamkia siku hiyo maelfu ya watu hukusanyika kwenye mawe kusubiri jua lichomoze.

Kwa kuwa wewe ni mwalimu wa historia, naomba nikutajie mambo mawili ya kutazama ukifika. Mawe makubwa yaliyosimamishwa yapata miaka 4,500 iliyopita yalitoka si mbali sana na hapo, lakini yale madogo yenye rangi ya kibuluu yaliletwa kutoka vilima vya Preseli nchini Wales, umbali wa zaidi ya kilomita 200. Na lile linaloitwa Jiwe la Madhabahu, ambalo sasa limelala chini katikati ya duara likiwa limekandamizwa na mawe yaliyoangukia juu yake, mwaka 2024 wanasayansi walitangaza kwamba asili yake ni kaskazini-mashariki mwa Scotland, umbali usiopungua kilomita 700. Wageni wa kawaida hawaruhusiwi kuingia ndani ya duara. Mtazunguka kwenye njia iliyowekwa nje yake, na upande mmoja njia hiyo inasogea karibu kiasi cha kukuwezesha kuona jinsi vichwa vya nguzo vilivyochongwa ndimi za kushikilia mawe ya juu, kama fundi seremala aungavyo kitanda. Mwombe mwanao amwulize mapema mwenye gari kama dereva ni mwongoza watalii aliyehitimu au ni dereva tu, kwa sababu bei zao ni tofauti, na mtu kama wewe atafaidi zaidi akiwa na wa kwanza.

Tutakuwa wazazi wawili na watoto watatu, wa miaka miwili, mitano na kumi, tukiwa na masanduku matano makubwa. Tumeambiwa gari la watu wanne au watano linatosha kwa kuwa watoto ni wadogo. Ni kweli? (Mama wa watatu, Dar es Salaam)

Hapana, Mama, na tafadhali usikubali. Gari dogo la kawaida hubeba masanduku makubwa mawili na mikoba ya mkononi, basi. Masanduku matano yatawalazimisha kupakata mizigo mapajani au kukodi gari la pili pale pale hotelini mkiwa na haraka. Omba gari la aina ya van lenye viti hadi vinane, na uwatumie idadi ya abiria, idadi ya masanduku na ukubwa wake, pamoja na kigari cha mtoto kama mnacho, kwa maandishi. Kumbuka kwamba gari hilohilo likijaa watu wanane halibaki na nafasi ya kutosha ya mizigo, hivyo viti vinane si ahadi ya masanduku manane.

Kuhusu usalama wa watoto, sheria ya Uingereza inataka mtoto akalie kiti maalumu hadi afikishe umri wa miaka 12 au kimo cha sentimita 135, lolote litakalotangulia. Magari ya kukodi yenye leseni yamepewa msamaha: dereva asipokuwa na kiti hicho, mtoto anaweza kusafiri bila hicho mradi akae nyuma, na mwenye miaka mitatu au zaidi afunge mkanda wa watu wazima, lakini aliye chini ya miaka mitatu anaruhusiwa kukaa bila mkanda wowote. Msamaha huo unaweza kueleweka kwa safari fupi za mjini. Safari yako ni ndefu, kwenye barabara kuu ya M3, ambako magari huruhusiwa kwenda kilomita 112 kwa saa, na huyo wa miaka miwili hastahili kukaa hivyo hata kama sheria inafumba macho. Agiza viti vitatu, taja umri na uzito wa kila mtoto, na kama mwenye gari anakwepa kujibu, tafuta mwingine.

Bei utakayopewa huwa ni ya gari zima, wala si ya kila kichwa, jambo ambalo kwa familia yenu ni nafuu kubwa. Uliza tu kama imejumuisha muda wa dereva kusubiri, maegesho, na tozo za kuingia katikati ya London. Tiketi za kuingia makasri na makumbusho kwa kawaida hulipwa kando.

Kwa nini tusipande treni? (Msomaji, Kampala)

Mkiwa wawili na masanduku mepesi, pandeni treni. Kutoka kituo cha Waterloo hadi Southampton Central ni saa moja na dakika ishirini hivi kwa treni za haraka, kisha teksi ya dakika chache hadi gatini. Gari la kukodi hulipa pale mnapotaka kusimama njiani, au mnapokuwa wengi, au mnapokuwa na mzee au mtoto.

Ndugu wa rafiki yangu anayeishi London amejitolea kutupeleka kwa gari lake binafsi kwa nusu ya bei ya kampuni. Sisi Waafrika husaidiana. Kuna ubaya gani? (Msomaji, Nairobi)

Kusaidiana ni jambo jema, na kama ndugu huyo anawapeleka bure akiwa mwenyeji wenu, au mnachangia mafuta tu bila yeye kupata faida, sheria haina neno naye. Mara anapotoza nauli ya kujipatia kipato, hali inabadilika kabisa. Nchini Uingereza, huduma ya namna hiyo inahitaji leseni tatu: ya mwendeshaji anayepokea maombi ya safari, ya dereva, na ya gari lenyewe. Ndani ya London leseni hizo hutolewa na Transport for London, mamlaka ya usafiri ya jiji hilo, na nje ya London hutolewa na halmashauri za miji na wilaya. Gari lenye leseni utalitambua kwa kibao au stika yake rasmi, na dereva lazima awe na beji.

Naliweka wazi jambo hili kwa sababu ya bima. Bima ya gari binafsi kwa kawaida haihusu kubeba abiria kwa malipo, na ajali ikitokea, aliyejaribu kuwasaidia atajikuta mahakamani, nanyi mtajikuta mkigombania fidia na matibabu katika nchi ya watu. Nusu ya bei hailipii hatari hiyo. Kama mnampenda huyo ndugu, mwambieni aje kuwalaki, mle naye chakula cha mchana, na kazi ya kuwabeba aachiwe mwenye leseni.

Tahadhari hiyohiyo inahusu watu watakaowafuata nje ya jengo la abiria wakiwaambia wana gari tayari. Gari la kukodi la aina hii lazima liwe limeagizwa mapema kupitia mwendeshaji mwenye leseni. Ni teksi rasmi tu zinazoruhusiwa kuokota abiria papo kwa papo.

Nina ombi pia kwa wote wanaopanga safari na madereva wetu wa Kiswahili walioko huko, maana wapo na wengi wao wana leseni na hufanya kazi nzuri: andikeni muda kwa mtindo wa saa 24, kwa mfano 08:00, wala msiandike "saa 2 asubuhi". Dereva aliyezaliwa London huenda akazungumza Kiswahili safi na bado akaisoma mbili hiyo kwa saa ya Kiingereza. Andikeni pia jina la meli na jina la jengo la abiria. Southampton ina majengo matano ya abiria wa meli za kitalii: Ocean na Queen Elizabeth II yako upande wa mashariki na huingiwa kwa lango namba 4, ilhali City, Mayflower na Horizon yako upande wa magharibi. Mwezi Septemba, maonyesho ya mashua yanapofanyika katika bustani ya Mayflower, barabara za upande huo hujaa sana, na dereva asiyejua anakwenda jengo lipi hupoteza muda wenu.

Tutashuka melini Southampton Ijumaa asubuhi, familia ya watu sita, na ndege yetu itaondoka Heathrow saa tatu usiku. Tungependa kuona kitu njiani, na tusiikose sala ya Ijumaa. (Msomaji, Mombasa)

Mmepangiwa siku nzuri, ndugu yangu. Watu wengi wangewaelekeza kwenye kasri la Windsor kwa kuwa liko karibu na Heathrow, na siku nyingine ningekubaliana nao, isipokuwa Jumanne na Jumatano ambazo kwa kawaida kasri hufungwa. Kwa Ijumaa, na kwa haja yenu ya sala, iko njia bora zaidi iliyonyooka.

Usiku wa mwisho melini, wekeni masanduku nje ya mlango wa chumba yakiwa na lebo za rangi mlizopewa, myakute kwenye ukumbi wa mizigo asubuhi, na mwambieni dereva aje saa tatu, si saa moja, maana abiria huitwa kwa makundi. Kilomita zipatazo 20 tu kutoka bandarini ni mji wa Winchester, uliokuwa makao ya wafalme wa Wessex. Katika Ukumbi Mkuu wa ngome yake ya zamani limetundikwa ukutani bapa la meza ya duara la mbao, lenye upana wa mita tano na nusu, lililoundwa karne ya 13 na kupakwa rangi zama za Mfalme Henry VIII, watoto hulipenda. Ondokeni hapo kabla ya saa sita.

Kisha shikeni M3 hadi Woking, penye Msikiti wa Shah Jahan, uliojengwa mwaka 1889 na ambao ndio wa kwanza Uingereza kujengwa hasa kwa ajili ya kuwa msikiti. Umepewa jina la Begum, yaani mtawala wa kike, wa Bhopal, huko India, aliyechangia gharama za ujenzi wake. Wakati wa kiangazi adhuhuri huingia baada ya saa saba mchana, na muda wa khutba hubadilika kwa majira, kwa hiyo ulizieni msikitini wiki hiyohiyo na mfike mapema. Mwafikiane na dereva tangu mwanzo kwamba atasubiri na kwamba hataliacha gari peke yake, kwa kuwa masanduku yenu yote yatakuwa ndani.

Kutoka Woking hadi Heathrow si mbali, lakini njia ya kawaida ni M25, barabara kuu inayoizunguka London, na Ijumaa alasiri barabara hiyo huelemewa. Muwe mmeondoka saa tisa.